Pimbi na Majirani Wasiotaka Kitu

Wenyewe mpo, niingie?

Ingia, tumekutandikia!

Nina maneno mdomoni.

Yateme kabla hayajapoa!

Basi hapo kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisalimiana asubuhi na kuulizana hali za watoto, aliishi Pimbi mmoja mwanamke juu ya mawe makubwa. Alizaliwa maweni, akaolewa maweni, akazaa maweni. Watoto wake wawili aliwaita Kokoto na Changarawe, maana huko hakukuwa na kitu kingine cha kuwapa jina lake.

Siku moja tai alishuka akamchukua mumewe. Akapaa naye, wala hakusema anampeleka wapi.

Pimbi akabaki mjane. Lakini msimwonee huruma sana, kwa maana alikuwa na shemeji. Shemeji yake aliitwa Jabali, na Jabali alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpa Pimbi majani ya kula, na kila alipompa jani alimkumbusha kwamba amempa. Alimpa mahali pa kulala, penye upepo mwingi. Na matanga yalipokwisha, akasimama mbele ya ukoo, akakohoa, akasema, "Mke wa ndugu yangu hawezi kutangatanga nami ni mzima. Nitamrithi. Wake zangu wengine watasogea kidogo."

Wake zake wengine walikuwa wameshasogea sana, hata mmoja wao alikuwa akilala nusu ndani, nusu nje.

Pimbi akasema, "Ahsante, shemeji. Lakini nataka kwanza nikajaribu kulima."

Ukoo mzima ukacheka. Pimbi na kilimo wapi na wapi? Hakuna pimbi aliyewahi kuchafuka udongo kucha. Jabali hakucheka. Alitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nenda, shemeji," akasema. "Kalime. Mvua zikikatika nitakuja kukutazama. Ukiwa na chakula cha kuwalisha watoto wa ndugu yangu, kaa hukohuko. Ukiwa huna, utarudi nami. Mkeka wako nitakuwekea."

Mama yake Pimbi akampa kitambaa chenye mafundo matatu. Fundo moja la mbegu za kunde, moja la mchicha, moja la maboga. Alikuwa ameziokota njiani miaka mingi nyuma, akazitunza bila kujua zinafanywa nini. Pimbi naye akazipokea bila kujua zinafanywa nini. Kwa hiyo walielewana vizuri sana.

Akashuka bondeni na watoto wake. Huko akakuta shimo lililoachwa na Muhanga, maana Muhanga huchimba nyumba, akailala, akaihama, akachimba nyingine. Shimo lilikuwa kavu na lenye nafasi. Mbele ya mlango kulikuwa na uwanja wa nyasi, na chini zaidi kulikuwa na mto. Pimbi akafagia, akalaza watoto, akatoka nje akasimama kuutazama uwanja.

Hakuwahi kuona udongo mwingi namna ile mahali pamoja. Akaugusa. Akaunusa. Akauuliza, "Wewe unaanzwa wapi?"

Udongo haukujibu. Majirani wakajibu.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Ngiri. Alikuja mkia juu kama kawaida yake, akapiga hodi ingawa hapakuwa na mlango wa kupigia.

"Jirani," akasema, "nasikia unataka kulima. Mimi ardhi naijua toka utotoni. Nikushauri?"

"Nishauri, Bwana Ngiri. Mimi mgeni wa mambo haya."

"Lima kote. Kutoka hapa mlangoni mpaka ule mti wa miiba kule. Bustani ndogo ni aibu, watu watasema umefilisika. Na hizi ndago unazoziona, hizi zenye vijitunguu chini, usizing'oe. Zigeuze tu, zifukie. Ndago ni mbolea."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye nipate nini? Sitaki kitu. Ni ujirani tu."

Pimbi akashukuru karibu alie. Akachukua kijiti kilichochongoka, akalima. Akalima kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa miiba. Alilima hadi viganja vikajaa malengelenge, malengelenge yakapasuka, akalimia hayohayo. Ndago akazifukia kama mtu anayefukia hazina. Kisha akapanda kunde zake.

Mvua ikanyesha. Kunde zikaota. Ndago nazo zikaota, tena zenyewe hazikuwa na haya. Zikaota kushoto kwa kunde, kulia kwa kunde na katikati ya kunde, na chini zikajaza vijitunguu vinono vyeupe.

Asubuhi moja Pimbi aliamka akasikia mguno. Akachungulia. Bwana Ngiri alikuwa katikati ya shamba amepiga magoti ya mbele, ungedhani yuko ibadani. Pua yake ilikuwa ardhini na pembe zake zilikuwa zikipindua udongo, fyu, fyu, fyu. Nyuma yake palikuwa kama pamepita vita. Kunde zililala mizizi juu.

"Bwana Ngiri, unafanya nini?"

"Nakusaidia kupalilia, jirani," akasema Ngiri huku anatafuna. "Ndago zilikuwa zimekuzidi. Usinishukuru."

Pimbi hakumshukuru. Akarudi ndani, akawapa watoto majani ya mtoni yaliyokuwa machungu kama shubiri. Changarawe akayatema. Kokoto akayala, akaumwa tumbo.

Habari za bondeni hukimbia. Jua halijawa kali, Bi Kanga akafika. Alikuja na binti zake, wote wamevaa madoadoa, wote wanaongea kwa wakati mmoja.

"Pole, shoga, pole sana," akasema Bi Kanga. "Lakini na wewe, kwa nini umsikilize mwanamume katika mambo ya jikoni? Kosa lako ni kufukia. Mbegu ikifukiwa inakosa pumzi. Hebu wewe nikufukie, utaota?"

Pimbi akafikiri. Ni kweli, yeye akifukiwa asingeota.

"Sasa mbegu nizifanyeje, shoga?"

"Zimwage juu tu. Asubuhi, jua likichomoza. Ukimaliza niite, nije nione kama umemwaga vizuri. Sitaki kitu mimi. Ni ujirani tu."

Asubuhi Pimbi akafungua fundo la mchicha. Mbegu za mchicha ni ndogo, nyeusi, zinang'aa. Akazimwaga juu ya udongo kwa upole, akaita. Bi Kanga hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya kichaka tangu alfajiri, kwa bahati tu.

Akaja na binti zake. Wakakagua. Walikagua mbegu moja moja, kwa midomo. Ko, ko, ko, ko. Walikagua kwa bidii ambayo Pimbi hakuwahi kuiona, na walipomaliza hapakuwa na kilichobaki cha kukaguliwa.

"Mbona zimekwisha?" Pimbi akauliza.

"Zimezama, shoga," akasema Bi Kanga, akijipangusa mdomo. "Ardhi yako ina kiu. Subiri."

Pimbi akasubiri. Mnacheka nini? Nanyi mngesubiri. Alisubiri akimwagilia kila asubuhi, na alichokimwagilia kilikuwa udongo mtupu. Ukanawiri kweli, ule udongo.

Alipokuwa bado anasubiri, Jabali akaja. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa kutoka maweni hadi bondeni hakuna mtu anayepita tu. Akazunguka shamba, mikono nyuma.

"Shemeji, hii ndiyo bustani?"

"Ndiyo."

"Na hapa umepanda nini?"

"Mchicha."

Jabali akainama, akautazama udongo kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayetazama maiti. "Umestawi," akasema. Kisha akawashika watoto mbavu. "Na hawa pia wamestawi. Sikuja kukucheka, shemeji. Mvua bado zipo, mimi nina subira."

Alipoondoka Pimbi aliingia ndani, akageukia ukuta. Hakuogopa njaa peke yake. Aliogopa ule mkeka. Aliogopa asubuhi zote zitakazofuata, kupewa jani na kukumbushwa jani, mpaka watoto wake nao wajifunze kusema ahsante kabla ya kujifunza kucheza.

Hapo akatokea wa tatu, na huyu alikuwa mtu mzima. Mzee Kiboko alitoka majini taratibu, akasimama maji yakimchuruzika.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti nzito, "umedanganywa na watoto wadogo. Ngiri ni mlafi. Kanga ni mlafi. Mimi ni mzee, nishakula dunia. Njoo ulime huku chini, ukingoni kwangu. Udongo una unyevu, hutahangaika kumwagilia. Zungushia ua wa miiba wale wezi wasiingie. Ila upande wa mto acha uwazi, hewa ya maji ipite. Maboga bila hewa ya maji hayanenepi."

"Uwazi kiasi gani, babu?"

Mzee Kiboko akajitazama ubavu mmoja, akajitazama ubavu wa pili. "Kiasi hiki," akasema.

"Na wewe babu, nikupe nini?"

"Sitaki kitu. Ni ujirani tu."

Pimbi akapanda maboga ukingoni, akazungusha miiba, akaacha uwazi. Na jamani, yalistawi. Hapo hakuna uongo. Majani yakawa mapana kama masinia, maua yakafunguka ya manjano, viboga vibovu havikuwepo hata kimoja, vyote vilikuwa duara, vyote kijani. Pimbi akawaleta watoto waone. Changarawe akalala chini ya jani moja akapotea, wakamtafuta wakicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya tai.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na jani. Hapakuwa na ua. Hapakuwa na kiboga. Palikuwa na nyayo, kila moja kubwa kama karai, zimeingia kwa ule uwazi wa hewa na kutoka kwa uleule. Na palikuwa na samadi, imetapanywa kila mahali, maana Mzee Kiboko akijisaidia huitapanya kwa mkia.

Pimbi akamkuta majini, macho na masikio tu juu.

"Babu, maboga yangu."

"Mafuriko, mjukuu wangu," akasema Mzee Kiboko, na kikonyo cha boga kilikuwa kimening'inia pembeni mwa mdomo wake. "Mto huu una tabia mbaya."

Pimbi akakaa chini palepale kwenye samadi. Hakuwa na nguvu ya kuchagua pa kukaa. Akakitoa kitambaa cha mama yake akakikung'uta, na kitambaa kikawa kizito kidogo. Akakikagua. Katika kila fundo zilibaki mbegu chache. Msidhani aliziweka akiba kwa akili. Vidole vya pimbi ni vifupi, na mafundo yalikuwa yamekaza huko ndani, basi.

Akazishika zile mbegu, akawaza. Ngiri alisema acha ndago, na Ngiri alikula ndago. Kanga alisema mwaga juu, na Kanga alikula juu. Kiboko alisema acha uwazi, na Kiboko alipita kwenye uwazi. Hakuna aliyeficha kitu. Kila mmoja alikuwa amemwambia wazi anachokula, ila yeye alisikia maneno, hakusikia matumbo.

Akainuka, akajipangusa. Akaenda mlangoni kwake. Safari hii hakutazama mpaka mti wa miiba. Alitazama jua linapiga wapi kutwa, na maji ya mvua yanatuama wapi, akachagua mahali palipoinuka kidogo, karibu na mlango, padogo hata ungepazunguka bila kuhema. Akasimika vijiti, akapima matuta mawili na kijia katikati, ili asije akakanyaga anapopanda.

Kisha akaenda kwa Bwana Ngiri.

"Jirani," akasema, "nimekuja kukuomba. Pale mlangoni kwangu, kati ya vile vijiti nilivyosimika, kuna ndago nono ajabu, zimeshuka chini sana. Tafadhali usiziguse. Ni za watoto."

"Mimi? Siwezi hata kuzifikiria," akasema Ngiri, na mate yakamdondoka.

Asubuhi alikuwa amepiga magoti mlangoni. Alichimba kati ya vijiti, akachimba chini, akatoa ndago zote mpaka kile kijitunguu cha mwisho, na mizizi ya nyasi juu yake. Ardhi ambayo ingemmaliza Pimbi mikono sasa ilikuwa imepinduliwa kama imepitiwa na ng'ombe wa jembe.

"Ah, Bwana Ngiri, umenimaliza," akasema Pimbi, akaingia ndani haraka kabla uso wake haujasema lingine.

Akatoka, akaenda kwa Bi Kanga. "Shoga, nataka kumwaga mbegu tena. Pitia kwanza uone kama pamefaa."

Bi Kanga akapitia na binti zake wote. Wakaparua wakitafuta mbegu. Mbegu haikuwapo hata moja, lakini palikuwa na funza wanene, na mchwa, na mayai ya panzi. Wakala. Kila bonge la udongo wakalivunja kuona kuna nini ndani. Jua lilipofika utosini udongo ulikuwa laini kama unga, na mdudu hakuna.

"Sasa unamwaga lini?" akauliza Bi Kanga.

"Nitakuita," akasema Pimbi. Mpaka leo hajamwita.

Usiku huo Pimbi hakufanya lolote, alilala. Kesho yake akaenda kwa Mzee Kiboko na kapu.

"Babu, njia yako imejaa samadi. Mtu mzima kama wewe hastahili kupita kwenye uchafu hivi. Niruhusu nikufagilie."

"Hatimaye kijana mwenye adabu," akasema Mzee Kiboko.

Pimbi akazoa. Na hapa niseme ukweli, hakuwa amegeuka mwerevu ghafla. Ile samadi mbichi aliitia siku hiyohiyo kwenye tuta moja, akapanda kunde, na kunde zikaungua zikawa njano zikafa. Hapo hakudanganywa na mtu. Alijidanganya mwenyewe, bure, bila jirani. Iliyobaki akairundika kivulini, akaifunika majani makavu, akaiacha hadi ikapoa, ikawa nyeusi, ikaacha kunuka. Ndipo akaichanganya na udongo, akafukia mbegu zake chache, si chini sana wala si juu, akatandaza nyasi kavu juu yake. Ua wa miiba akauzungusha pande zote.

Mzee Kiboko akaja jioni moja akausukuma ule ua kwa pua, akachomwa. "Mjukuu wangu, mbona hukuacha nafasi ya hewa ya mto?"

"Inapita, babu. Ni nyembamba."

Kunde zikatambaa. Mchicha ukatoa majani, ukachumwa, ukatoa mengine. Boga moja likakaa kwenye kona likanenepa polepole. Majirani wakaja wote, wakasimama nje ya miiba.

"Lakini aliyelima ni mimi," akasema Ngiri.

"Na wadudu niliwatoa mimi," akasema Bi Kanga.

"Na samadi ni yangu," akasema Mzee Kiboko.

"Ni kweli kabisa," akasema Pimbi. "Ningewapa kitu, lakini mlishasema hamtaki. Sitaki kuwavunjia ujirani."

Mvua zikakatika. Jabali akashuka akiwa na mkeka begani. Akawakuta watoto wanafukuzana, vitumbo mbele. Pimbi akampakulia kunde na mchicha. Jabali akala, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akauegemeza mkeka ukutani.

"Shemeji," akasema, "nimebadili mawazo. Si lazima urudi. Mimi nitahamia hapa."

"Karibu bondeni, shemeji," akasema Pimbi. "Hapa pangu ni padogo mno kwa mtu wa cheo chako. Lakini kule juu kuna uwanja mkubwa hauna mwenyewe. Lima mwenyewe. Ukitaka ushauri, muulize Bwana Ngiri, anaijua ardhi toka utotoni."

Hakumdanganya. Alimtajia jirani tu.

Jabali akamuuliza Ngiri. Ngiri akamshauri vizuri sana. Jabali akalima kutoka alipo mpaka asipopaona, akafukia ndago zote. Halafu akamuuliza Bi Kanga. Halafu akashuka kwa Mzee Kiboko. Mwishowe akarudi maweni akiwa amekonda, viganja vimepasuka, na wake zake wakamsogelea kumtazama, wakaona kwamba kumbe nafasi ipo.

Siku moja Digidigi, mjamzito, mgeni bondeni, alisimama nje ya ua wa Pimbi. Aliogopa hata kupiga hodi.

"Dada, nasikia unajua kulima. Mimi sijui pa kuanzia. Naomba unishauri."

Pimbi akasogeza miiba, akampa pa kukaa.

"Mimi nakula mboga za majani," akasema. "Napenda sana mchicha, na bustani yako ikiwa karibu, watoto wangu wataruka ua. Hilo lijue kwanza. Sasa kaa nikueleze."

Ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba ushauri wa bure usiukatae, lakini kabla hujashika jembe, mtazame mshauri anakula nini. Anza na padogo unapopaweza. Na siku ukiombwa ushauri wewe, taja tumbo lako kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Ngano yangu imefika kwake, nami nafika kwangu. Ikiwanogea, lambeni vidole. Isipowanogea, chumvi iko kwenu.